Upande wa Pili wa Michongoma

Kidoti alifika bustanini kabla lango halijafunguliwa, kama alivyoagizwa. Alizoea kuingia pale na kamera begani na bibi harusi nyuma yake, bibi harusi akiinua gauni lisiguse matope. Leo pia kamera alikuwa nayo, maana alikuwa na miadi ya picha baadaye asubuhi. Lakini hakuitwa mapema hivyo kwa sababu ya picha. Aliitwa na mama wa mwanamume aliyetaka kumwoa.

Alimkuta mama huyo amechutama kwenye njia ya mawaridi, mkasi wa kupogolea mkononi. Wageni wote walimwita Mama Bustani, na Kidoti naye alimwita hivyo hivyo kwa sababu hakuwahi kukaribishwa kumwita vingine.

"Shikamoo."

"Marahaba. Viatu hivyo vitaloa."

"Havina neno."

"Leo havina neno." Mama Bustani aliinuka taratibu, akamtazama kuanzia viatu hadi lile doa jeusi chini ya jicho lililompa jina lake. Hakutabasamu. "Shika hiyo ndoo. Tutembee."

Wakatembea. Mama alikata maua yaliyokwisha kunyauka akayatupa ndani ya ndoo, bila hata kuangalia anakotupa. Umande ulikuwa bado umelala kwenye majani. Bwawa dogo lilikuwa kimya, na bogenvilia ilikuwa imeufunika ukuta mzima kama zulia lililoanikwa. Kidoti aliipenda bustani ile kuliko mahali pengine popote alipowahi kufanyia kazi. Umlete bibi harusi mwezi wowote, utamsimamisha mbele ya kitu kilichochanua.

"Mwanangu amekwambia anakupenda," alisema Mama Bustani.

"Ameniambia."

"Na wewe?"

"Nampenda."

"Kiasi gani?"

Kidoti alidhani anataniwa. "Sijawahi kupima."

"Basi leo utapima." Mkasi ukalia, ua likaanguka. "Umewahi kujiuliza kwa nini hapa hakuna mwezi usio na maua?"

"Nilidhani ni ufundi wako. Watu wote wanasema una jicho la rangi."

"Wanasema hivyo. Waache waseme."

Walikuwa wamefika mwisho wa bustani, penye uzio mrefu wa michongoma uliokatwa vizuri ukawa kama ukuta. Kibao kilichoning'inizwa pale kiliwaomba wageni wasipite. Kidoti alikuwa amekisoma mara nyingi. Mara nyingi pia alikuwa amesikia sauti ikitoka ng'ambo ya uzio ule, gu, gu, gu, akajua ni pampu ya maji. Aliwahi hata kumwambia bibi harusi mmoja asiijali, ni pampu tu.

Leo ilikuwa inagonga kwa kasi.

Mama Bustani alimwashiria aweke ndoo chini. Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni, akafungua kijilango ambacho Kidoti hakuwahi kukiona kwa jinsi kilivyozibwa na majani.

"Ukiingia, usipige kelele. Wala usikimbie. Akikuona unakimbia atakufuata."

"Nani?"

"Baba mkwe wako," alijibu Mama Bustani, na akatangulia.

Kulikuwa na nyumba ndogo safi, yenye chumba kimoja na veranda. Kwenye dirisha pana lenye nondo alikuwa amesimama mzee mrefu, mwembamba, aliyenyolewa vizuri na kuvalishwa shati lililopigwa pasi. Paji la uso wake ndilo lililokuwa likigonga nondo. Mikono yake ilicheza hewani bila kupumzika, vidole vikijikunja na kujikunjua kama vya mtu anayetafuta kitu kilichodondoka gizani. Mabega nayo yalikuwa yanacheza. Hata ulimi.

Mama Bustani alifungua mlango, akaingia, akamshika usoni kwa viganja viwili. "Nimekuja na mgeni, baba. Tulia." Mzee hakutulia. Alimtazama Kidoti kwa macho ya binadamu mwenye akili zake aliyefungiwa mahali pabaya, na hilo ndilo lililomtisha Kidoti zaidi ya mikono.

"Alikuwa fundi saa," alisema mama. "Unajua mkono wa fundi saa unavyotakiwa kutulia. Siku ulipoanza kucheza, tulicheka. Nilimwambia anakunywa chai nyingi. Kumbe baba yake alianza hivyo hivyo, na mama mkwe wangu alijua. Alininyamazia mpaka nilipokwisha kuzaa."

Kidoti aliitazama tena mikono ya mzee.

"Zikaja hasira. Mtu ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, akawa anavunja vyombo. Siku moja katikati ya kuvunja akaona mawaridi nje ya dirisha, akakaa chini. Akayatazama mpaka jua likazama. Ikawa kila siku hivyo. Mawaridi yalipokwisha, alinivunja mkono." Mama Bustani aliunyoosha mkono wa kushoto, nao haukunyooka wote. "Nikapanda kinachofuata. Nacho kikiisha, kinachofuata tena. Mimi sina jicho la rangi, binti. Nimekuwa nikiziba mapengo. Bustani ilipokuwa kubwa kuliko nguvu zangu, tukafungulia watu ili iweze kujilipia maji."

"Na sasa anagonga kwa nini?"

"Angalia mwenyewe."

Kidoti alichungulia. Chini ya dirisha mawaridi yalikuwa yamepukutika. Mayungiyungi yaliyotakiwa kuyapokea yalikuwa yamesimama na vichwa vya kijani, vimefumba kama ngumi.

"Mvua zilichelewa," alisema mama. "Juzi ndipo alipoanza kugonga."

Wakatoka. Mama alitangulia kwa haraka, akifuta macho kwa ukingo wa aproni bila kutaka kuonekana, na Kidoti akauvuta mlango nyuma yake. Hakusikiliza kama umejifunga, na hata kijilango cha michongoma wakakiacha kimeegeshwa tu.

"Huu ugonjwa unarithiwa," Mama Bustani alimwambia walipofika kwenye ndoo. "Daktari alisema nusu kwa nusu. Mwanangu anaweza kuwa nao, anaweza asiwe nao. Kipimo kipo, lakini hataki kwenda, na mimi simlazimishi. Mimi nusu yangu naishikilia hivyo hivyo. Lakini niliapa hakuna mtoto wa mwenzangu atakayeingia hapa macho yamefungwa. Wawili kabla yako niliwaleta. Mmoja hakurudi hata kuchukua mwavuli wake."

"Kwa hiyo unanifukuza."

"Nakuonyesha. Kufukuzwa utajifukuza mwenyewe."

Kidoti aliitazama kamera yake. Alikuwa anawaza picha. Tangu wafahamiane alikuwa amempiga mpenzi wake picha nyingi sana, nyumbani alikuwa nazo ukutani. Katika picha hizo kila kitu kilitoka vizuri, uso, kola ya shati, hata matone ya maji kwenye majani. Mkono wa kushoto tu ndio uliotoka kama moshi. Alikuwa akimgombeza. Nilikwambia usijitikise, Bwana Maua, unaniharibia kazi. Naye alikuwa akicheka na kuuficha mkono nyuma.

* * *

Alimkuta kwenye banda la miche, anamwagilia. Lango lilikuwa limeshafunguliwa na wageni wa kwanza walikuwa wanazungukazunguka wakisifu. Jina la Bwana Maua Kidoti ndiye aliyempa, kwa utani, siku walipokutana. Alikuwa mwanamume wa maneno machache, mwenye mabega mapana na shingo iliyochomwa na jua, na alipomwona Kidoti uso wake wote ulifunguka. Kisha akaona viatu vyake, vilivyoloa na kushika udongo mwekundu. Udongo wa namna ile ulikuwa ng'ambo ya michongoma tu.

Akaufunga mpira wa maji.

"Amekupeleka," alisema.

"Wewe ungenipeleka lini?"

Aliuweka mpira chini. "Baada ya harusi."

"Baada ya harusi." Kidoti aliyarudia maneno hayo polepole. "Yaani ningeamka siku moja, nikuandalie chai, halafu ndio unishike mkono unionyeshe baba yako."

"Nilitaka uwe wangu kwanza."

"Mtu hapatikani hivyo. Hivyo anaibwa."

"Kidoti..."

"Usinisogelee. Sijakasirika kwa sababu ya ugonjwa, unielewe. Ungeniambia siku ile ya kwanza kando ya bwawa, ningelia, halafu ningekupenda vilevile. Lakini umenitazama miezi yote hii, nikipanga majina ya watoto kama mjinga, na wewe unaniitikia. Ulikuwa unaona nini ulipokuwa unaitikia?"

Bwana Maua aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nawaona. Nilikuwa nawaona na majina yao."

Kidoti alihisi hasira yake ikipasuka katikati, na hakutaka ipasuke. Aligeuza uso. Hapo ndipo alipogundua kitu. Ile sauti ya kugonga ilikuwa imekoma.

"Mama yako amerudi kule?" aliuliza.

"Yuko jikoni. Nimemwona sasa hivi."

Walitazamana. Kidoti akakumbuka mlango aliouvuta.

Walipotoka bandani, walisikia minong'ono kabla hawajaona kitu. Wageni walikuwa wamejitenga pande mbili za njia kuu, kina mama wamewavuta watoto wao. Katikati alikuwa anakuja Mzee, pekupeku, shati lake la pasi limechanwa na miiba. Kila hatua ilikuwa kama inamtupa pembeni, naye anairudisha. Mwanamume mmoja alicheka akasema mlevi huyo, asubuhi yote hii. Mzee hakumsikia. Alipita mbele ya bogenvilia bila kuitazama. Macho yake yalikuwa bwawani.

Pale bwawani alikuwa amesimama bibi harusi wa Kidoti, amewahi, gauni jeupe limemwagika kwenye nyasi pande zote, akimsubiri mpiga picha wake.

"Anaona ua," Bwana Maua alisema kwa sauti ndogo, na akaanza kukimbia.

Mzee alifika kwanza. Alipiga magoti, akaushika upindo wa gauni kwa mikono miwili inayocheza, akauweka shavuni. Bibi harusi aliganda. Laiti wangemwacha, pengine angeishia pale. Lakini bwana harusi, aliyekuwa kando, alimkamata Mzee begani akamvuta, na gauni likachanika, na Mzee alipoona weupe ule unapasuka mikononi mwake alitoa mlio ambao Kidoti hakuwahi kuusikia kwa mtu. Aligeuka na ngumi. Bwana harusi akaenda chini. Bwana Maua alimkumbatia baba yake kwa nyuma, akimnong'oneza, baba, baba, ni mimi, na kichwa cha Mzee kikarudi nyuma kikampiga mdomoni mpaka damu ikatoka. Hakumwachia.

Kidoti hakukumbuka baadaye kama alifikiri. Aliweka kamera chini akaenda mpaka mbele ya Mzee, karibu kiasi cha kupigwa.

"Mzee," alisema. "Hilo limechanika. Kule kuna meupe zaidi."

Macho yale yakamtua usoni.

"Yasmini zimejaa upinde mzima. Twende nikuonyeshe. Taratibu tu."

Alimpa mkono. Vidole vya Mzee viliutafuta, vikaupoteza, vikaupata tena, vikaubana hadi mifupa ikauma. Kidoti hakuutoa. Wakaenda, wageni wakiwapisha, mpaka mwisho wa ukuta palipokuwa na upinde wa yasmini na benchi. Mzee aliketi. Aliyatazama maua meupe juu ya kichwa chake, pumzi ikaanza kushuka. Mikono tu ndiyo iliyoendelea kucheza mapajani.

"Saa ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya heshima, kama mtu aliyekaa dukani kwake.

"Bado mapema," Kidoti alimjibu.

Alipoinua macho alimwona Bwana Maua amesimama hatua chache kando, damu kwenye kidevu. Hakuwa anautazama uso wa baba yake. Alikuwa anatazama mkono wa kushoto wa Mzee, jinsi kidole cha mwisho kilivyokuwa kinaanza, kisha cha pili yake, kisha kiganja kizima. Akautia mkono wake mwenyewe mfukoni.

Kidoti aliuona unavyocheza ndani ya mfuko.

* * *

Mama Bustani na wafanyakazi wawili walimrudisha Mzee. Wageni wakaombwa radhi, lango likafungwa kwa muda. Bwana harusi alikuwa na jicho lililovimba na maneno makali, lakini bibi harusi, kwa namna ambayo hakuna aliyeitegemea, alisema atapigwa picha hivyo hivyo, upande uliochanika ufichwe. Kidoti alimwomba ampe dakika chache, akarudi bandani.

Bwana Maua alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kidoti alichovya kitambaa kwenye maji, akampangusa kidevu. Alikuwa karibu naye, harufu yake ya udongo na sabuni ikamjia, ile ile iliyokuwa ikimfanya apoteze maneno.

"Mama yako anasema hutaki kupima," alisema.

Bwana Maua aligeuza uso.

"Nitazame."

Alimtazama. Alikuwa na macho ya baba yake. Kidoti hakujua hilo hadi leo.

"Nilishapima," alisema. "Nilikwenda peke yangu. Ninao."

Kwa nje mtoto alikuwa anauliza kama yule babu ni mgonjwa, na mtu mzima anamwambia twende, twende.

"Tangu lini unajua?"

"Kabla sijakufahamu."

"Basi ulinipenda ukijua."

"Nilijaribu kutokupenda. Unakumbuka nilikuwa sikuitikii salamu? Ulikuwa unaniita bubu mbele ya wateja wako." Alijaribu kucheka, mdomo ukamuuma. "Nilishindwa. Nikasema basi, miaka niliyobakiza nikiwa mimi, niitumie na huyu. Ni ubinafsi, najua. Ukiondoka leo sitakulaumu, wala sitakufuata. Ila nakuomba kitu kimoja. Mama asijue."

"Unamficha na yeye."

"Ile nusu ndiyo inayomwamsha asubuhi. Umemsikia anavyoisema. Ukiitoa, anabaki na nini?"

"Sitaki kuwa mtu wa siri, Bwana Maua. Nimetoka kukugombeza kwa jambo hilo hilo."

"Najua."

Kidoti aliuchukua mkono wake wa kushoto kutoka mfukoni, akauweka katikati ya viganja vyake, kama mtu anavyomshika ndege aliyeanguka. Alitaka kuona kama utatulia. Haukutulia. Alikaa nao kwa muda, kisha akamwekea gotini polepole.

"Nina bibi harusi ananisubiri," alisema, akatoka.

Alipiga picha. Mikono yake ilijua kazi, ikaifanya. Alimwambia bibi harusi ainue kidevu, alimwambia bwana harusi ageuze upande mzuri, akawachekesha wote wawili. Walipokwisha kuondoka alisimama langoni na mfuko wa kamera begani. Barabara ilikuwa wazi. Gari lake lilikuwa pale pale kivulini. Alisimama mpaka mlinzi wa lango akamuuliza kama amesahau kitu.

"Ndiyo," alisema Kidoti, na akageuka.

Jikoni, Mama Bustani alikuwa anachambua mbegu kwenye sinia. Hakugeuka.

"Nilidhani umekwenda."

"Mlango niliuacha wazi mimi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Niliuacha mimi niliyekupeleka. Kaa." Alimsogezea kigoda kwa mguu. Kwa muda mbegu tu ndizo zilizosikika zikigonga bati. "Leo nimemwona mzee wangu amekufuata kama mtoto. Hajawahi kumfuata mtu hivyo." Akachambua, akachambua. "Umekuwa na mwanangu bandani kwa muda mrefu. Amekwambia nini?"

"Kuhusu nini?"

"Binti, mimi si mtoto. Nataka kujua kama kuna kitu anachokijua ambacho mimi sikijui. Nimepanda bustani hii kwa ajili ya mmoja. Nikijua ni wawili, leo hii naacha. Naziacha hizi mbegu hapa kwenye sinia."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Bwana Maua aliingia, amenawa, mdomo umevimba. Alipomwona Kidoti amekaa jikoni kwao alisimama kama aliyesahau alichofuata. Kisha akachukua kikombe mezani, mkono wa kushoto, akamimina chai. Mama Bustani alikuwa ameinua kichwa.

Chai ikaanza kutikisika kikombeni. Ikapita ukingo.

Kidoti aliinuka kwa haraka, kama anayefuata sukari, akampiga kikumbo cha bega. Kikombe kikaenda sakafuni kikavunjika, chai ikawarukia wote wawili.

"Nisamehe," alisema, "leo sijui nina nini. Sioni hata ninapopita."

Mama Bustani aliwatazama. Alimtazama mwanawe, ambaye uso wake ulikuwa umepauka kama ukuta, akautazama mkono wake uliokwisha kurudi mfukoni, akamtazama Kidoti. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kikombe kimoja kinavyostahili. Halafu akainuka, akachukua kitambaa.

"Kaa mbali na vigae, utajikata," alisema kwa upole. "Na hujanijibu, mwanangu. Amekwambia kitu?"

Hakuwahi kumwita Kidoti hivyo.

"Hapana, mama," Kidoti alisema. "Hajaniambia kitu."

Mama Bustani akaitika kwa kichwa. Akapiga magoti, akaanza kufuta.